Kitanda Kisicho na Msumari

Meru Mjini, Juni 1955

Mama Mbogo mpenzi,

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma. Mnaendeleaje katika hicho kijiji kipya mlikohamishiwa na serikali? Kibali cha kuja Embu bado nanyimwa.

Nimepata kazi ya ajabu. Habon, mama Msomali mwenye duka, anataka nimtengenezee fanicha ya chumba. Nikamchorea kabati la kioo, akakataa. Nikamchorea kochi, akakataa. Nikazidi kutaka kujua: huyu mama anapenda nini hasa?

Nikamwomba anionyeshe vitu vyake mwenyewe. Kumbe vyote vinaning'inia ukutani kwa kamba: chombo cha maziwa, mkeka, sanduku dogo.

"Mbona umevifunga kama mtu wa safari?" nikamuuliza.

"Fundi, nimehamishwa sana," akasema. "Ninachokipenda ni kile mkono wangu unachokishika kwanza nikiambiwa toka."

Basi nimemtengenezea kitanda kisicho na msumari hata mmoja, cha kufunguliwa na kubebwa. Alipokilalia, alicheka kama msichana.

Mama Mbogo, nimesikia kwa watu kwamba nyumba yetu ilichomwa. Hukuniandikia, na sikulaumu, maana barua zinasomwa. Nitakujengea nyingine, lakini nataka kwanza nijue utakavyoipenda. Siku ile askari walipowaambia mtoke, najua ulimshika mtoto. Baada yake, mkono wako ulishika nini?

Nitaanzia hapo.

Wako,
Kivuti, Baba Mbogo