Madishi Yenye Umande

Jumatatu, 2 Juni

Nimemaliza kilima. Madishi mia tatu arobaini na moja! Mwaka jana yalikuwa mia moja na manne. Nimehesabu mara mbili kutoka juu ya jengo la ghorofa saba, darubini shingoni, kidude cha kubonyeza mkononi. Likionekana dishi, bonyeza. Kidole gumba kinauma mpaka sasa.

Bwana Asilimia alipoziona namba alisimama. (Ndilo jina tulilompa bosi, mwenyewe hajui.) Mwaka wa kumi na nane niko ofisi hii na hajawahi kusimama kwa ajili yangu. Kazi yetu ni kupima masoko ya watu na kuwauzia vipimo. Tumepima sabuni, tumepima betri, sasa ni zamu ya intaneti ya setilaiti. "Soko linapaa!" akasema, akachukua bahasha na kuanza kukizidisha kilima changu kwa nchi nzima. Mtaa mmoja wenye upepo, halafu taifa. Nalipwa kuhesabu, kuzidisha ni kazi yake.

Kwenye kilima hicho hicho anaishi Kaka. Miaka kumi na moja anawavutia watu intaneti kwa waya, nguzo kwa nguzo — nyumba mia mbili na kumi na mbili, kila moja anaijua mpaka mbwa wake. Hatujasemezana miezi tisa. Alisema nawahesabia adui zake. Nikamjibu kwamba adui zake wangekuwepo hata nikifumba macho. Lilikuwa jibu zuri. Natamani nisingelitoa.

Jumatano, 4 Juni

Grafu imetoka. Mstari unapanda mpaka umegonga ukingo wa karatasi, ikabidi mchoraji apunguze vipimo ili utoshe. Nyumba laki nne na nusu ndani ya miaka mitano, ndivyo inavyosema. Wateja waliotuagiza ripoti ni kampuni ya madishi yenyewe. Wamepiga simu mara tatu leo kuulizia.

Jina langu litakuwa kwenye jalada! Chini ya la Bwana Asilimia, herufi ndogo, lakini lipo. Miaka kumi na minane ya kupanda juu ya mapaa ya watu. Nimefurahi. Naandika hivyo wazi, nisije nikajisingizia baadaye kwamba sikufurahi.

Ijumaa, 6 Juni

Bosi alitaka picha ya jalada ipigwe jua linapochomoza. "Alfajiri ya soko jipya," alisema, na hakucheka. Basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi na mpiga picha tuko juu ya jengo lile lile la ghorofa saba, tunatetemeka kwa baridi. Sijawahi kupanda pale asubuhi. Huwa nahesabu saa sita mchana, mwanga ukiwa mzuri.

Mpiga picha anahangaika na kamera, mimi nimenyanyua darubini kwa mazoea tu. Mapaa yote yamelowa umande. Madishi nayo yamelowa, yanametameta, maji yanachuruzika. Halafu nikaona moja kavu. Kavu kabisa, na juu yake paka wa rangi ya majivu amejikunja, analala. Nikatafuta jingine kavu. Nikapata. Kisha nikapita kumi na mawili yote yamelowa kabla ya kupata la tatu.

Nilimwacha mpiga picha na chupa yake ya chai, nikashuka, nikabisha hodi kwa mama fundi cherehani, mwenye dishi kubwa lililolowa juu ya mlango wake. Nikajitia nataka kupunguziwa sketi.

"Hilo?" akasema huku ana pini mdomoni. "Hilo tulishaacha kulipia tangu mwezi wa pili. Sasa tuko kwa waya wa kaka yule wa nguzo."

Kwa nini hamjaliteremsha?

"Alipande nani? Na linatupa heshima, majirani wanaliona." Akatoa pini. "Likiwa linafanya kazi lina joto, dada. Paka wa jirani alikuwa hatoki hapo juu. Tulipoacha kulipia, paka akahama."

Paka akahama. Nimekaa kutwa nzima ofisini na maneno hayo.

Jioni nimetoa daftari letu la taratibu. Kanuni ya tatu: Dishi likionekana, lihesabiwe. Mwandiko wangu. Niliiandika miaka minane iliyopita tulipokuwa tunahesabu madishi ya televisheni, ambayo aliyekuwa nayo alikuwa nayo, basi. Hakuna aliyeigusa kanuni ile tangu siku hiyo. Wala mimi.

Ripoti imeshatumwa saa kumi alasiri. Na picha yake ya alfajiri.

Jumamosi, 7 Juni

Nimerudi juu alfajiri, peke yangu, bila kutumwa. Nimehesabu makavu.

Mia moja na kumi na nane.

Nimerudia. Mia moja na kumi na nane. Mengine yote yanatiririka maji kama vyombo vilivyotoka kuoshwa. Watu walinunua, wakajaribu, wakaacha, na mimi nikawabonyeza wote. Mwaka jana vilevile bila shaka, kwa hiyo hata ile mia na nne siijui ilikuwa nini. Sijui soko limekua au limesinyaa. Hakuna anayejua. Lakini nchi nzima ina mstari unaogonga ukingo wa karatasi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepiga moyo konde nikamwambia bosi. Nimemwekea namba mbili mezani, za mchana na za alfajiri.

Aliniacha nimalize. Nikafikiri ananisikiliza, kumbe anatafuta neno. Akalipata. "Dishi lililozimwa," alisema, "ni mteja aliyelala. Mteja aliyelala bado ni mteja."

Nikamwambia wamehama, hawajalala.

Akasema basi toleo lijalo tutawaita wateja watarajiwa. Halafu sauti ikashuka, ikawa laini — hapo ndipo nilipoogopa. Alinikumbusha jina langu liko kwenye jalada. Alinikumbusha kanuni ya tatu ni ya nani. Akauliza nimebakiza miaka mingapi nistaafu. Anajua ni minne. Akasema ofisi inayouza vipimo ikisema vipimo vyake vibovu, inafungwa kesho yake, na wa kwanza kumwaga unga ni aliyepima.

Nikasema ndiyo bosi. Ndiyo bosi! Nimerudi mezani kwangu nikachonga penseli nne ambazo hazikuwa butu.

Jumanne, 10 Juni

Kaka amepiga simu.

Miezi tisa, halafu jina lake linawaka kwenye simu saa ya chakula cha mchana. Nilidhani Mama amezidiwa. Hapana. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kulia au aliyekwisha kulala vizuri. Kampuni ya madishi imempelekea ripoti. Wanamtaka awe wakala wao wa kilima kizima. Sharti moja: ateremshe waya zake zote.

"Nilitaka kuwafukuza," alisema. "Halafu nikaona jina lako. Angehesabu mtu mwingine ningebisha mpaka jua lizame. Lakini wewe, mdogo wangu? Wewe ulikuwa unahesabu punje za maharage kwenye sahani yangu ili tusipunjane. Ukisema mia tatu arobaini na moja, ni mia tatu arobaini na moja. Nimekubali. Nilikukosea."

Ameniomba msamaha! Kaka, ambaye hajawahi kumwomba msamaha hata aliyemkanyaga. Na mimi nilisema nini? Nilisema asante. Nilisema tutaonana.

Jumamosi ana mkutano na wateja wake kwenye ukumbi wa mtaa, kuwatangazia. Atatia saini pale pale mbele yao, wamwone. Ndivyo alivyo. Kitu cha kuaga hakiagi mafichoni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeomba ruhusa nikaenda kwake kumwambia. Nimekwenda kumwambia. Nayaandika mara mbili nione kama yatageuka kweli.

Nimemkuta juu ya ngazi kwenye nguzo iliyo mbele ya zahanati, mkanda kiunoni, anaifungua riziki yake mwenyewe. Waya wa kwanza ulikuwa chini, umeviringwa vizuri, amefunga kwa kamba. Anauviringa kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Akaniona akapunga mkono. Mafundi wake watatu walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mtaro. Mmoja alinisalimia bila kuniangalia.

Mama alinitolea chai. Anaishi kwa Kaka, kwenye chumba cha mbele, na kila Jumapili humwona mjukuu wake aliye mbali kwa waya huo huo. "Miezi tisa hamsemezani kwa sababu ya mabakuli ya juu ya mapaa," alisema. "Leo yameisha. Kunywa." Kaka alishuka, akanawa, akakaa ubavuni mwangu, akala mkate wangu nusu bila kuomba kama zamani. Akasema sasa atapumzika na nguzo. Magoti yanamuuma. Akasema anaona afadhali ashindwe kwa hesabu ya ndugu yake kuliko kwa uongo wa mtu baki.

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikalimeza na chai.

Niliogopa. Si kwa ajili yake, nisijipake mafuta. Niliogopa Bwana Asilimia na miaka yangu minne. Na niliogopa uso wa Kaka ukibadilika tena, baada ya kuupata. Nimejichukia njia nzima ya kurudi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempigia Kaka mara nne. Hapokei — yuko juu ya nguzo. Mara ya tano amepokea, kelele za upepo, akasema tutaongea kesho ukumbini, usikose, nimekuwekea kiti.

Nimekata simu bila kusema. Mara tano nzima!

Jumamosi, 14 Juni. Ukumbini

Nimekataa kiti cha mbele, niko mstari wa nyuma kabisa, daftari magotini, watu wanadhani naandika kumbukumbu za mkutano. Mikono lazima ifanye kitu.

Pamejaa. Mama yuko mbele na miwani yake. Wakala mkuu wa kampuni amekuja na suti na kalamu ya kutilia saini, amesimama pembeni ya meza. Bwana Asilimia naye yupo, amealikwa, amekaa mguu juu ya mguu. Alinikonyeza nilipoingia.

Kaka ameanza. Anazungumza polepole. Amewashukuru kwa miaka kumi na moja. Amesema dunia imehamia juu na yeye si wa kushindana na mbingu. Mtu amepiga makofi peke yake, akaacha.

Mkunga mstaafu amesimama. Anasema waya ukikatika humwita Kaka, naye huja hata mvua inyeshe. "Hilo la angani likikatika, nitamwita nani, mwanangu? Na kulinunua nitalinunua na nini?"

Kaka amemgeukia. Kisha: "Mama yangu, si mimi niliyeamua. Ni hesabu. Nyumba mia tatu arobaini na moja za kilima hiki hiki zimeshaamua kabla yetu." Ameonyesha ukutani. Projekta imewashwa. Jalada la ripoti, kubwa kuliko mlango. Mapaa ya kilima, jua jekundu, madishi yanametameta. Jina langu pale chini. Watu wanasema aah.

Nimeuinamia mstari huu nisiangalie.

Sauti ya Mama. Mama hajui kunong'ona. "Lakini huyo paka," anasema, "mapaa yote hayo, mbona amelichagua hilo moja tu?"

Ukumbi mzima umecheka. Wakala anacheka. Bwana Asilimia anacheka kuliko wote.

Kaka pia amecheka. Halafu amegeuka kuliangalia jalada. Amelisogelea mpaka kivuli chake kimeangukia ukutani, akapisha kando. Ni mtu wa mitambo. Amebeba maboksi ya intaneti yenye joto mikononi miaka kumi na moja, anajua kinachofanya kazi kinakuwaje ukikigusa asubuhi. Anaweka kidole kwenye dishi lenye paka. Anakihamishia kwenye la jirani, linalometa. Kisha jingine. Kisha jingine. Midomo yake inacheza. Najua anafanya nini. Anahesabu.

Watu wameacha kucheka, hawajui kwa nini.

Wakala anamsogezea kalamu. Hajaishika.

Amegeuka. Ananitafuta mstari wa mbele, kwenye kiti alichoniwekea. Kitupu. Anapita mstari wa pili, wa tatu. Bwana Asilimia naye amegeuza shingo, na hakonyezi tena.

Kaka ameniona.

"Mdogo wangu," anasema, bila kipaza sauti. "Ulihesabu saa ngapi?"

Vichwa vyote vimenigeukia. Nimesimama, naandika nikiwa wima, na namjibu: "Saa sita mchana, Kaka, umande ukiwa umeshakauka."