Sahani ya Maua Nimeifungia

Baba watoto na wanangu watatu,

Nakimbilia kazini. Chakula kiko kwenye sufuria kubwa, kipasheni moto. ~~Mgeni asiguse vyombo.~~ Leo zamu ya vyombo ni ya mgeni!

Msishtuke. Mlipoondoka tu, yule mwalimu aliyetuletea binti kutoka ng'ambo alikuja kumhamishia kwa familia nyingine. Kumbe binti mwenyewe aliomba, eti hapa anajiona yuko hotelini. Wiki tatu tunampakulia kwenye sahani ya maua, akipita tunanong'ona, akishika ufagio tunampokonya. Baba watoto, sheria hiyo ilikuwa yako. Mimi nilisema mapema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukanicheka.

Basi naingia chumbani nimsaidie kufunga sanduku, nakuta taulo bichi limetupwa kitandani. Uvumilivu ukanishinda. Nilimgombeza kama ninavyowagombeza nyinyi, mpaka mwalimu akasimama kule sebuleni.

Binti akaenda kuanika taulo. Akarudi anacheka, machozi yanamtiririka.

"Mwalimu, siendi tena," akasema. "Leo mama amenigombeza."

Mwalimu aliondoka mikono mitupu. Sanduku limerudi juu ya kabati. Na wewe kaka mtu, usimsaidie vyombo kwa huruma, nakujua. Akizembea, niambieni mimi.

Baba watoto, maneno yako ya kuomba radhi nitayasikiliza jioni, nikiwa nimekaa.

Ni mimi,
mama wa watoto wanne