Binti hatasimulia tena

Kisangani, mwezi wa tatu

Yaya Patricia, dada yangu,

Mchele uliotuma kutoka Kindu umefika mkavu, asante. Hapa umeme unakatika kila siku, lakini tuko salama. Mimi nimechoka tu.

Kazi yangu kwenye fondation, shirika letu la misaada, unaijua, kutafuta wafadhili na kuwapokea. Juma lililopita niliwapeleka wageni Isangi, tunakotaka kujenga maternité, mahali pa akina mama kujifungulia. Kama kawaida nilimwomba mwanamke wa huko tunayemwita Binti awasimulie alivyojifungua ndani ya mtumbwi, na mtoto akafa kabla ya kufika hospitali. Safari hii akaniambia, "Mama Élise, sema wewe. Mimi nimechoka kumuzika mutoto kila wageni wakikuja."

Basi nikasimulia mimi. Wageni walilia. Mimi sikusikia kitu moyoni mpaka nilipofika kwenye jina la mtoto. Alimwita Benie, kama mtoto wangu niliyemzika. Nikaishia hapo. Binti akanishika mkono, akasema, "Bon, inatosha."

Wamekubali kujenga. Directeur wetu wa fondation alifurahi, akataka Binti awe tayari watakaporudi. Nikamwambia kwamba Binti hatasimulia tena, wala mimi.

"Sasa tutawaonyesha nini?"

"Watoto wanaozaliwa wazima," nikamjibu.

Alikasirika, akanipa mapumziko ambayo sikuyaomba. Nakuja huko, yaya. Usiniulize habari za kazi, nipe tu mahali pa kulala. Nikiamka, tutaongea juu ya Benie. Hatujawahi.

Mdogo wako,
Élise