Tangu Mpira Utolewe

Jumanne, asubuhi

Kaka yangu,

Wamepaka rangi ukuta ulio mbele ya dirisha langu. Ni kijani kilekile cha sare zetu za sekondari, ungecheka. Homa imeshuka, na jana nilimaliza uji wote.

Sasa lile la kukueleza. Ule mpira mwembamba waliouweka kifuani kunipitishia dawa za saratani ya damu ulishika fangasi, nao wakaingia kwenye damu. Kwa kuwa mwili wangu hauna kinga, ilibidi wautoe haraka. Uboho wa mifupa yako uliokubali kunipa utasubiri mpaka damu iwe safi. Daktari hakusema lini. Basi usikate tiketi.

Kila asubuhi muuguzi alikuwa akija kuusafisha ule mpira. "Umenuna, shoga! Nani kakuudhi humu peke yako?" Tulikuwa tukicheka ndani ya barakoa. Siku hizi dawa ya fangasi inapitia mkononi. Anaitundika chapuchapu, anatoka. Kumbe ni yeye tu aliyekuwa akikaa nami.

Leo nimemwomba anibadilishie bandeji ya kifuani.

"Si nimeibadilisha jana? Kidonda kimeshakauka."

"Badilisha tu, dada."

Akanitazama. Akanawa mikono, akavuta stuli, akaanza kuibandua polepole, huku akiniuliza habari zako. Nimemwambia unakoroma.

Tafadhali usiumwe, kaka. Vaa sweta.

Mdogo wako,
Kijiti