Ngozi ya Chui Ufaransani

Riyadh, 3 Februari 2023

Dada Eucabeth,

U mzima huko Jeddah? Mimi mwili uko sawa, ila nimejitia matatani. Simu yako madam wako bado ameifungia, kwa hiyo barua hii nampa Laban, dereva wa basi la Jeddah.

Unajua madam wangu kafungua ofisi ya safari. Anataka kupeleka wanawake wanane Ulaya, waone makanisa walikotawazwa wafalme. Aliniuliza garini nikimwendesha, "Protus, Reims unapajua?" Nikajibu, "Madam, nimepika melini miaka sita, Ulaya naijua kama jikoni kwangu!" Sasa kaniandika kiongozi wa msafara. Tarehe ishirini nawahutubia wateja. Dereva aliyetangulia alidanganya leseni, siku ya tatu akawa ndani ya ndege, karudishwa kwao. Mimi na mvi hizi nirudi nyumbani na nini? Yule mtoto unayemlea ana vitabu. Ninakilie makanisa hayo, haraka!

Kakako,
Protus

Jeddah, 11 Februari 2023

Kaka Protus,

Nashukuru Mungu, ila mgongo wanisumbua. Meli gani? Wewe hata feri ya Likoni ulitapika.

Haya: Wafaransa, Reims. Wajerumani, Aachen, kuna kiti cha mawe. Waingereza, Westminster, kiti cha mbao. Wapolandi, Krakow. Wanorwe, Trondheim. Kitabu kimeishia hapo. Kaka, mwambie ukweli kabla hajaujua mwenyewe.

Dadako,
Eucabeth

Riyadh, 20 Februari 2023

Dada yangu,

Sikuulizi hali, nisamehe, naandika mbio. Majina niliyamwaga kama profesa. Kisha bibi mmoja akauliza, "Pale Reims mfalme anafanyiwa nini?" Kichwa kikawa mafi, kama wasemavyo Waarabu, hamna kitu. Nikawapa Nabongo, mfalme wetu, alivyotawazwa kule Mumias: ngozi ya chui, bangili ya shaba, mkuki, wazee wakilia. Yule bibi naye akalia!

Garini madam akasema, "Reims mfalme alipakwa mafuta. Ufaransa hakuna chui. Kesho saa tatu ofisini, na ikama yako ya ukaazi."

Usiposikia kutoka kwangu, mwambie mama polepole.

Protus

Jeddah, 19 Machi 2023

Kaka,

Hii ni barua ya tatu, na hujajibu. Laban anasema hakuoni stendi, na chumbani kwako analala mtu mwingine. Mama sijamwambia, nashindwa kuanza. Niandikie hata salamu tupu. Nitakucheka siku nyingine.

Eucabeth

Mumias, 2 Aprili 2023

Dada mpenzi,

Ni mzima, acha kulia. Sikupata wa kumpa barua hadi jirani yetu Serah, anayerudi kazini huko Jeddah. Mama ananinenepesha.

Ofisini nilikiri yote, hadi feri. Madam akagonga meza: "Reims nimefika mara nne, hakuna mteja aliyewahi kulia. Hicho ulichosimulia kiko wapi?" Nikamwambia, kwetu. Visa aliyonipa ni ya kutoka na kurudi, si ya kufukuzwa! Kanituma nitangulie kuandaa. Ijumaa ijayo anatua hapa na wanawake wote wanane.

Sasa ndipo naogopa kweli. Siku ile Nabongo alipotawazwa nilikubeba mabegani, Eucabeth. Mimi niliona migongo ya watu tu. Ngozi, bangili, mkuki, vyote ulinisimulia wewe njiani.

Mwombe madam wako simu, unipigie. Ile bangili alivishwa mkono upi?

Kakako,
Protus