Baba, Dorcas Bado Mzima

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu kiti chako cha karibu na jiko kibaki kitupu, na nyumba nzima ikose mtu wa kubishana na redio.

Watu wa hapa Yorkshire wanakujua kama Ambrose Pickersgill wa vitabu vya treni. Sisi tunakujua kama mkata tiketi wa stesheni, aliyekunywa chai ya rangi ya matope na kuvaa kofia ya kazi hata akilima viazi.

Mwaka ule binti yako Marjorie alipopata homa ya vipele alikuwa na miaka sita. Mama alitundika mlangoni shuka lililoloweshwa dawa ya kuua vijidudu, na wewe, kwa kuwa ulishika tiketi za watu kutwa nzima, ukapigwa marufuku kuingia, usije ukawaambukiza abiria. Basi ukasimama ukumbini na kikombe chako, ukazungumza na shuka.

Treni ya mizigo ilipopanda kilima nyuma ya nyumba, Marjorie aliuliza, "Baba, huyo anasema nini?"

"Anamtukana mlima. Mama yako yupo, siwezi kurudia."

Hapo ndipo alipozaliwa Dorcas, injini kongwe mwenye kiburi na kifua kibovu. Ulimwandika nyuma ya ratiba zilizopitwa na wakati, ukazipenyeza chini ya shuka. Siku homa ilipozidi, Dorcas naye alikuwa amelazwa karakanani.

"Baba, watamfanya chuma chakavu?"

"Nani, Dorcas? Atakayemgusa ataonana na mimi. Anapumzika tu."

Mama anasema baada ya hapo ulikwenda jikoni ukalia kama mtoto. Hukutuambia hata siku moja.

Marjorie alipopona, kila karatasi ya chumba kile ilichomwa uani, kama ilivyokuwa desturi kwa ugonjwa ule. Dorcas akaenda na moshi. Ukakaa kuandika upya, Marjorie akakusimamia.

"Siyo hivyo! Alikwama kwenye handaki kabla ya chai, si baada ya chai."

"Kwani mwandishi nani hapa?"

"Wewe. Lakini mgonjwa nilikuwa mimi."

Ukafuta.

Halafu akaja yule bwana wa London, mchapishaji. Alizipenda hadithi, ila alitaka mwishoni Dorcas akatwekatwe, ili watoto wajifunze kwamba kila kitu kina mwisho wake. Nyumba ilikuwa inavuja, nasi tulizihitaji zile fedha. Ukachukua kofia yako ukamwambia, "Bwana, huyu nimemwekea ahadi," ukapanda treni ya kurudi. Mama alikuita kichwa ngumu wiki nzima, kisha akawa anawasimulia majirani kwa kujidai. Ilipita miaka miwili kabla ya mwingine kukubali.

Tunajivunia vitabu vyote kumi na vinne, Baba, lakini kofia ile tunaijivunia zaidi. Injini za mvuke zilipokatwa kuwa chuma chakavu nchi nzima, watoto walikuandikia kwa hofu, nawe ukamjibu kila mmoja kwa mkono wako: Dorcas mzima, anakusalimu.

Mchana wako wa mwisho hospitalini, Marjorie alikusimulia hadithi ya kwanza. Akakujaribu kwa makusudi: "Dorcas alikwama kwenye handaki baada ya chai..."

Ukafumbua jicho moja. "Kabla ya chai, mwanangu."

Kisha ukauliza taratibu, "Watamfanya chuma chakavu?"

"Nani, Dorcas?" akasema Marjorie, mkono wako mkononi mwake. "Atakayemgusa ataonana na mimi. Anapumzika tu."

Ukatabasamu, ukafumba jicho.

Unakumbukwa na mkeo Nora, anayekumiminia chai bado kwa mazoea. Wanao Marjorie na Clifford. Mkwe wako Leonard. Wajukuu wako Rosalind na Giles. Na wenzako wote wa stesheni. Daima tutakukumbuka, Baba, na Dorcas hataguswa na mtu.