Mkono Wangu wa Kushoto Ubaoni

Jumatatu, 3 Juni 1974. Mafinga
Baridi. Chaki zimepata unyevu tena. Darasa la kisomo saa kumi, watu wazima kumi na tisa: vibarua wa kiwanda cha mbao na akina mama wa sokoni. Nimeandika ubaoni kwa kushoto, kama siku zote.

Jumatano, 5 Juni
Barua kutoka Iringa. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Amesikia nafundisha kwa "mkono wa chooni". Nisipotumia wa kulia, sithibitishwi kazini. Nimekasirika hadi ugali ukaungua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimejaribu kulia. Mwandiko wa kuku. Mama alinifunga huu wa kushoto kwa kitambaa nikiwa mdogo, wapi. Kulia ni mkono wa kulia chakula. Sawa, nakula nao. Zamani waliuita wa kuume, na kushoto wakauita mkono wa kike. Mimi ni mwanamke. Kosa langu liko wapi?

Jumamosi, 8 Juni
Nimeazima kamusi ya Kiingereza kwa padre. Madereva wa malori wanasema "kata lefti", yaani kushoto, kutwa nzima. Kumbe neno hilo kwa Waingereza wa kale lilikuwa "dhaifu". Na raiti, yaani kulia, ndiyo hiyohiyo haki. Kwa hiyo tumeonewa kotekote. Nimecheka peke yangu. Kisha nimeikumbuka Jumatatu, nimeogopa.

Jumatatu, 10 Juni
Amekuja. Kakaa nyuma na koti lake.

Nimeanza kwa kulia. Mama Tuli, muuza maandazi, hakungoja: "Mwalimu, leo unatuziba. Rudisha ule mkono wako." Kweli. Ukiandika kwa kulia unasimama juu ya maneno uliyokwisha kuyaandika.

Mkaguzi kaja mbele, kachukua chaki anionyeshe. Kwa kulia.

Mama Tuli tena: "Na wewe baba unatuziba."

Darasa likaangua kicheko. Nikabadili mkono. Kila herufi ikaonekana palepale. Wote kumi na tisa walinakili sentensi kabla sijageuka. Mkaguzi alipita akitazama daftari moja moja. Akasaini fomu yangu ya kuthibitishwa kazini.

Nimeshinda. Naandika tena: nimeshinda. Kwa huo dhaifu.

Jumanne, 11 Juni
Ukungu hadi saa nne. Mama Tuli kaniletea maandazi ndani ya karatasi. Juu yake kaandika jina lake, mara ya kwanza bila kunakili. Nimepokea kwa mikono miwili.